Kamba Iliyokunjwa

Mwanaasha alikuwa akilala njiani. Si njia ya barabarani, la. Nasema njia ya ndani ya nyumba ya kaka yake Bakri mjini Kismayo, ule ukumbi mwembamba unaotoka mlango wa mbele hadi uani kwenye choo. Ukilala pale utazijua siri za matumbo ya nyumba nzima. Aliyekunywa maji mengi na aliyekula pilipili wote walipita juu ya miguu yake, na kila aliyepita alisema "samahani" kwa sauti ya mtu anayeona wewe ndiye ungepaswa kuiomba. Kando yake alilala binti yake Thuraya, mwenye miaka kumi na sita, amejifunika shuka gubigubi hata joto likiwa la kuoka mkate.

Vita vya mwaka tisini na moja vilimkuta Mwanaasha akiwa mtoto wa mgongoni. Akakulia kambini Kenya, akaolewa huko huko kambini, akafiwa na mume huko huko, na siku zote hizo mlango wake ulikuwa turubai. Turubai halina komeo. Basi alipofika Kismayo kwa kaka yake alitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba yenye mlango wa kuufunga kwa ndani, ili binti yake avue nguo yake bila kusikiliza nyayo za watu. Wengine huomba dhahabu. Yeye aliomba komeo, na aliona aibu kuliomba hilo nalo.

Rukia, mke wa Bakri, hakuwa mbaya. Alikuwa mwanamke aliyebanwa kwenye nyumba yake mwenyewe, na mtu aliyebanwa husukuma.

"Abaayo," alimwambia Mwanaasha siku moja, kwa lile neno la Kisomali analoitiwa dada, "kaka zangu waja kukaa hapa Ramadhani ikiingia. Ukumbi utakuwa wao. Nimesema na dada yangu wa Mombasa, atamchukua Thuraya amsaidie watoto."

Kumsaidia mtu watoto, sote twajua maana yake. Ni kufua, kupika, kulala jikoni, na kuambiwa kila Idi kwamba wewe ni kama mtoto wa nyumbani. Mwanaasha hakugomba. Alisema tu kwamba yeye na binti yake watakuwa wameondoka kabla ya mwezi kuandama.

"Mwende wapi?"

"Chovae. Kwenye kiwanja cha baba."

Chovae hiyo si ile waliyoikimbia wazee. Nyumba za mawe ziliporomoka, vichaka vikaota sebuleni mwa watu, na wale wachache waliorudi kisiwani hawakujua tena ukuta wa nani uliishia wapi. Kila mmoja alikumbuka kiwanja cha baba yake kuwa kikubwa kuliko cha jirani. Walitaka kupigana, ndipo akasimama Mzee Ishaq. Huyu alikuwa na kamba ya usumba wa nazi yenye urefu wa pima tano, na sifa ya kutokula cha mtu. Akaweka utaratibu: mtoto wa kiume hupewa kamba nzima kwa kila upande. Mtoto wa kike, kwa kuwa sheria humpa nusu ya fungu la kaka yake, kamba hukunjwa katikati, naye hupimiwa hiyo iliyokunjwa kwa kila upande. Rahisi. Hata mtoto mdogo angeelewa, na ndiyo balaa yenyewe, kwamba kila mtu alielewa.

Mama yao alikwisha kufa, warithi walikuwa wawili tu. Bakri na Mwanaasha wakapanda mashua ya injini, wakavuka, wakamkuta Ishaq na mashahidi wanawangoja uwanjani. Kiwanja cha marehemu Mzamil, baba yao, kilikuwa kimebahatika kubaki na alama: mwisho mmoja kisima, mwisho wa pili ukuta wa msikiti uliovunjika. Upana wake ulikuwa kamba moja. Urefu wake, kamba moja na nusu.

Ishaq alimpimia Bakri kwanza, kamba nzima kwa kamba nzima, upande wa kisimani. Wakapiga vigingi. Kikabaki kipande upande wa msikitini, chembamba, nusu kamba kwa kamba nzima. Ndipo mzee akaikunja kamba yake taratibu, ncha kwa ncha, akaionyesha kwa mashahidi kama anayeonyesha mikono mitupu, akampimia Mwanaasha ndani ya kipande hicho: nusu huku, nusu huku. Kijisanduku. Na ubavuni mwake kikabaki kijisanduku kingine sawa na hicho, hakina mwenyewe.

"Na hapa, Ami?" Mwanaasha aliuliza.

"Masalio," alisema Ishaq. "Hakuna mgao usiobakisha. Ni baraka ya ardhi. Humwendea mwenye kamba nzima, maana yeye ndiye abebaye wachu wa ukoo." Wachu ndio watu, kwa lahaja ya kisiwani.

Wewe msomaji uliyekaa kitako umetulia, pengine umeshaona. Mwanaasha alikuwa amesimama juani, wanaume wanamtazama, na kichwani mwake alikuwa anapanga mlango ukae upande gani ili upepo wa baharini usiujaze mchanga. Alikuwa na furaha. Alipoulizwa kama ameridhia alisema, "Nimeridhia." Akaulizwa tena, na tena, kama ilivyo desturi, akaitikia mara zote kwa sauti kubwa kuliko ya mwanzo. Fatiha ikasomwa. Watu wakapangusa nyuso zao, na neno likawa limetoka.

Na asidhaniwe kuwa mjinga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona mikeka. Lakini mkeka wa kulalia una upana mmoja siku zote, ule wa kitanda. Mtu akitaka mkeka nusu, hupunguza urefu tu, na ukindu unaoingia huwa nusu. Hajapata kuagizwa mkeka uliopunguzwa huku na huku. Mikono yake ilijua kilichokuwa mbele yake siku zote, basi.

Kisiwani kuna desturi nzuri. Kabla msingi haujachimbwa, kiwanja chote hutandikwa mikeka, pembe hadi pembe, watu wakakaa juu yake wakasoma dua, wakala wali. Husemwa kwamba ardhi iliyokaliwa na watu walioshiba haiwezi kukataa nyumba. Bakri alifanya ya kwake kwanza. Mikeka iliazimwa nyumba kwa nyumba, na kwa kuwa Mwanaasha ndiye fundi, yeye ndiye aliyeipanga. Iliingia arubaini, wala haikubaki hata nafasi ya kuweka kandambili. Watu walikaa kwa raha zao, miguu imenyooshwa, Bakri akatembea katikati yao akimwagia kila mtu mchuzi. Hakuwa mchoyo Bakri, hilo tumpe.

Kwa wanawake dua huwa ndogo. Hutandikwa mikeka miwili pale patakapokuwa mlango, husomwa kidogo, maji yakamwagwa, mambo yakaisha. Mwanaasha akakataa.

"Kiwanja ni kiwanja," alisema. "Changu nacho kitatandikwa chote."

"Mwanamke huyu ataka ya kiume," alicheka Barke, mama mzee wa nyumba ya jirani, ambaye watu wote wa umri wa Mwanaasha humwita Shangazi. Barke alikuwa wa kwanza kukunjiwa kamba kisiwani. Aliishi katika chumba kimoja, na jiko lake lilikuwa mlangoni, kiasi kwamba akikoroga uji mguu mmoja ulikuwa wake na wa pili ulikuwa ugenini kwa kaka yake Faisal. "Haya, tandika mwanangu. Tutakuja kukaa."

Mwanaasha akapiga hesabu yake. Kiwanja cha Bakri mikeka arubaini, chake nusu, basi ishirini. Wageni nusu ya wale. Mchele nusu. Akaazima mikeka, akapika tangu alfajiri, Thuraya akipuliza moto na kukohoa. Jua lilipopanda wakaanza kutandika wao wawili, mama huku na binti huku, na Mwanaasha alikuwa anaimba kwa sauti ya chini.

Walipofika mkeka wa kumi, kiwanja kikajaa.

Alisimama ameshika mkeka wa kumi na moja. Akadhani wameitandika ovyo, akaikunjua na kuipanga upya, safi, ukingo kwa ukingo. Kumi. Mingine kumi ilikuwa imeegemea ukuta wa msikiti ikiwa bado imeviringishwa. Kabla hajapata kuwaza zaidi wageni wakaanza kufika, na aibu ikaanza. Walikaa goti juu ya goti. Wengine wakabaki wamesimama nje ya vigingi wakiwa na viatu mkononi, hawajui waingie au waende. Mahmoud, fundi wa kujenga, akatania kwamba leo watakula kwa zamu. Watu wakacheka sana. Mwanaasha naye akacheka, jasho likimtiririka mgongoni, maana mwenye shughuli hana ruhusa ya kununa.

"Tandika hapo kwenye masalio, wachu wakae," alisema Bakri. "Pale ni pangu, na mimi nimeruhusu."

Akatandika. Mikeka kumi iliyobaki ikaingia kwenye masalio yote, ikaishia kigingi cha mwisho, haikuzidi wala haikupungua. Wageni wakakaa, wakapumua, wakanyoosha miguu. Sasa ndiyo walikaa kama walivyokaa kwa Bakri.

Mwanaasha alikuwa amesimama kando ya sufuria, upawa mkononi, akawatazama, akaihesabu mikeka. Ishirini ilikuwa imetandikwa sasa. Nusu ya arubaini ni pale mikeka ilipo yote, pake na pa masalio, pamoja. Yeye alikuwa amepewa kumi. Kumi ndani ya arubaini si nusu, hata mbuzi angejua. Alikuwa amepewa robo, na mwenyewe alikuwa ameitikia nimeridhia mara tatu.

"Mama, wali unaungua," alisema Thuraya.

Akapakua. Akapakulia wote, akawasikia wakimwombea nyumba ya heri, akaitikia amina. Nataka ujue kwamba alichoona siku ile hakikuwa hasira. Hasira ina pa kwenda. Kilikuwa kitu cha kumkaba, kwa sababu hapakuwa na mwizi wa kumpigia kelele. Bakri hakusogeza kigingi, na Ishaq hakula hata nazi ya mtu. Kila mmoja alifanya haki mbele ya mashahidi, na yeye alikuwa amebaki na chumba kimoja kisicho na pa kuweka choo. Mtu atajenga nini pale? Angejenga chumba, na jiko lingekaa mlangoni kama la Barke, na choo kingekuwa kwa Bakri, na Thuraya angerudi kupita mbele za watu akiwa na ndoo yake.

Asubuhi ya pili alimwendea Mzee Ishaq. Alimkuta peke yake kisimani anailoweka kamba yake, maana usumba ukikauka hufupika, na yeye alikuwa mwangalifu kwa mambo hayo. Alikuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote kisiwani, maskini.

"Ami, nataka kukuuliza. Usinione sina adabu."

"Uliza, binti Mzamil."

"Nipimie kiwanja cha mwanamume hapa mchangani. Kidogo tu, cha mfano."

Ishaq akatabasamu, akachora kwa kidole mraba wenye upande wa shubiri mbili. Mwanaasha akamwomba achore kingine pembeni, lakini akunje upande mmoja tu, ule wa pili auache mzima. Mzee akachora: shubiri mbili kwa moja.

"Hiki, Ami, ni kiasi gani cha kile?"

"Nusu. Vikiwekwa viwili hivi, wapata kile."

"Na sasa ukunje na upande wa pili."

Kidole cha mzee kikakata kile kipande katikati. Akakitazama. Akaweka kiganja chake, vidole vimetanuliwa, juu ya kile kijisanduku, kikakienea chote. Kisha akakihamishia kiganja kwenye ule mraba mkubwa: huku, huku, huku, na huku. Mara nne. Akarudia, polepole zaidi, kama anayetarajia mchanga utabadili neno lake.

"Nimekunja mara mbili," alisema hatimaye. "Mola anihifadhi. Sheria yasema nusu, mimi nikachukua nusu ya nusu. Ndiyo maana masalio hayakupata kukosekana."

Mwanaasha alipumua. Alidhani yameisha. Alikuwa ameogopa kwamba mzee hataelewa, na kumbe ameelewa upesi hivi! Lakini Ishaq hakuinuka kwenda kwenye kiwanja. Alibaki ameinama, akiitazama kamba ndani ya ndoo.

"Nina dada yangu, Mashavu," alisema. "Nilimpimia mwenyewe, kwa mkono huu. Akaniambia, kaka, kiwanja chanibana. Nikamwambia wewe una tamaa, fungu la Mungu halimbani mchu. Mbele za wachu nilimwambia. Akapanda mashua akaenda Mombasa, hadi leo hasemi nami." Akaisukuma kamba chini ya maji. "Na wengine je? Barke. Mke wa marehemu Sadiq. Wote wanawake wa mtaa huu, mmoja mmoja. Masalio yao yote yamejengwa. Mwingine ameweka banda la mbuzi, mwingine ameozesha mwana na kumweka pale. Mwingine ameuza, na aliyenunua amekwisha kuzika mtoto uani."

"Basi waambiwe, Ami. Wafanye wenyewe suluhu."

"Suluhu?" Mzee akainua macho, na yalikuwa mekundu. "Wewe umekulia kambini, hukuona kisiwa hiki kikipigana kwa ajili ya mawe. Mimi nimeona. Nikisema kamba ilikosa, kila kaka atakuwa mwizi kwa dadake, na kila dada atabomoa ukuta. Hapa hakuna askari wala kadhi. Kilichotushika ni kamba hii tu."

Ukubwa ni jaa, husema watu. Mkubwa hupokea taka zote akanyamaza. Lakini jaa hilo la Ishaq lilikuwa limerundikwa juu ya wanawake wa watu. Mwanaasha alitaka kulisema hilo. Akalimeza.

Bakri akaitwa. Akaelezwa, akachora mwenyewe mchangani, akafuta, akachora tena. Uso wake ulibadilika mara nyingi, na mwishowe ukawa mgumu.

"Masalio nampa," alisema. "Yote, na leo hii. Ni dada yangu, nimnyime kwa nini?"

"Ni haki yake, Bakri," alisema Ishaq kwa sauti ya chini.

"La, Ami. Ikiwa ni haki yake, basi mimi nilikuwa nimeshika cha yatima wa baba yangu, na wachu walikuwa wanakula wali wangu juu yake. Kupa nampa. Kurudisha sirudishi, maana sikuiba." Akamgeukia dada yake, na sauti ikalegea. "Mwanaasha, ukinidai nitakuwa mwizi maisha yangu yote. Ukipokea nitakuwa kaka. Nifanye kaka, basi."

Mwanaasha aliwatazama wanaume wawili waliompenda, na kila mmoja alikuwa ameshika upande wake wa mtego. Angeweza kukataa. Angeweza kwenda Kismayo kutafuta kadhi, na kadhi angemuuliza swali moja tu: uliridhia? Na mashahidi wangekuja, watu wakweli, waseme ndiyo, tulimsikia, tena kwa sauti kubwa. Na mwezi ungeandama, na Thuraya angekuwa amekwisha kupanda basi la Mombasa na nguo zake kwenye mfuko wa rambo.

"Na itasemwaje?" aliuliza.

"Itasemwa hiba," alisema Ishaq. "Kaka amempa dada yake zawadi, kwa mapenzi. Na hesabu hii ya mchangani ife hapa kati yetu watatu. Uapie, binti Mzamil. Si kwangu mimi. Ni kwa salama ya wachu."

Akaapa. Nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia, na hata yeye aliona kwamba nusu ile nayo ilikuwa imekunjwa mahali. Ishaq akafuta mchanga kwa kiganja. Fatiha ikasomwa mara ya pili, safari hii mbele ya watu wote baada ya sala ya Ijumaa, na Bakri akasifiwa hadi akaona haya kweli kweli. Wazee walimtolea mfano kwa vijana. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwanaasha alisimama kati yao akashukuru kwa kupewa kilichokuwa chake.

Nyumba ikajengwa upesi, maana Bakri alijituma. Alibeba mawe mwenyewe kuliko vibarua. Vyumba viwili, jiko, choo ndani ya ua. Mahmoud akatia mlango wa mbao wenye komeo la chuma. Siku ya kwanza Thuraya alilifunga na kulifungua, akalifunga na kulifungua, hadi mama yake akamkemea kwamba atalivunja, kisha akaingia chumba cha pili akalia asionekane. Alikuwa amepata. Mashaallah, alikuwa amepata kila alichokiomba.

Siku mbili kabla ya mfungo alikuja Barke na sahani ya visheti. Akaingia hadi jikoni, akachungulia chooni, akapiga kuta kwa kofi kama anayepima tikiti.

"Mungu amekupa kaka," alisema. "Wangu mimi ni Faisal."

"Karibu kitako, Shangazi."

Barke akakaa juu ya mkeka, lakini hakula. Alizungusha sahani. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa, na nyuma yake Thuraya alikuwa anaoga akiimba, maji yanamwagika, hana habari na mtu.

"Mwanangu, wewe ni fundi wa mikeka, wajua kupima. Nataka nikuulize neno ambalo sijamuuliza mchu. Siku ile ya dua yako niliona. Kwenye masalio iliingia mikeka sawa na kwenye kiwanja chako. Nikaenda nyumbani nikawaza." Akainamisha sauti. "Miaka yote hii mimi na Faisal hatuli sahani moja. Nadhani alisogeza vigingi vyangu. Mwanamke wa watu nimelala na chuki hiyo, nimemwombea dua mbaya, kaka yangu wa tumbo moja. Na juzi ameanguka, hawezi upande mmoja wa mwili. Ramadhani yaingia. Sitaki afe nami nina dhana ya uongo, na sitaki nimsamehe kitu ambacho hakukifanya. Nambie kweli. Kiwanja changu ni nusu ya kiwanja cha Faisal, au si nusu?"

Mwanaasha alimtazama mama huyu mzee, mguu wake mmoja daima ugenini. Aliliona neno likija hadi kwenye ulimi. Faisal hakusogeza kitu, Shangazi, na wewe bado umedhulumiwa. Yote mawili kweli. Lakini huwezi kumpa mtu moja ukamnyima la pili. Ukianza kumweleza la vigingi utafika kwenye kamba, ukifika kwenye kamba utafika kwa Ishaq, na kwa Bakri, na kwenye kiapo. Ndani Thuraya akanyamaza kidogo, akaanza wimbo mwingine.

"Faisal hakusogeza kigingi," alisema.

"Sikuulizi kigingi. Nakuuliza nusu."

"Nusu, Shangazi," alisema Mwanaasha. "Ni nusu kamili."

Barke akashusha pumzi ndefu, akaweka mkono kifuani, machozi yakamtoka. "Alhamdulillahi," alisema. "Kumbe ni mimi. Kumbe tamaa ilikuwa yangu." Akainuka kwa taabu, akamkumbatia Mwanaasha, akambusu kichwani, akatoka haraka kwenda kumwomba kaka yake radhi kabla ya adhana ya alasiri.